Waya wa 625 juu ya feleji: njia tano zapimwa kwa asilimia ya chuma

Waya wa aloi ya 625, ambao kiwango cha AWS A5.14 huuita ERNiCrMo-3, hauna ubaya wowote ukiwa bado umezungushwa kwenye roli yake. Nikeli yake haipungui asilimia 58, kromiamu ni kati ya 20 na 23, molibdeni kati ya 8 na 10, na niobiamu imevuka 3 kidogo. Ubaya huingia pale unapoyeyushwa juu ya feleji ili kuikinga na kutu. Feleji nayo huyeyuka, chuma chake hupanda kwenye tabaka, na aloi huzimuliwa kama maziwa yaliyotiwa maji: kwa macho ni meupe vilevile, ila si maziwa yale uliyoyalipia.

Ndiyo maana mapitio haya hayaanzi na kilo ngapi kwa saa wala uso unang'aa kiasi gani. Yanauliza jambo moja: baada ya kipande kukerezwa hadi kipimo cha mwisho, tabaka lililobaki lina chuma asilimia ngapi? Kwa vifaa vya vichwa vya visima vya mafuta na gesi, kiwango cha API 6A kina madaraja mawili ya tabaka la 625. FE5 hairuhusu chuma kuzidi asilimia 5, FE10 hairuhusu kizidi 10, na kipimo huchukuliwa milimita 3 au chini ya hapo kutoka uso wa awali wa feleji. Nje ya sekta hiyo pia, mwenye kazi anayejua anachokitaka huandika namba inayofanana na hizo.

Tuanze na waya wenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hujifunga kamba bila kujua. Kiwango kinaruhusu waya wa ERNiCrMo-3 kuwa na chuma hadi asilimia 5. Maana yake, roli inaweza kuwa halali kabisa kwenye karatasi na bado isifae kitu kwa kazi ya FE5. Chukua feleji yenye chuma asilimia 98. Waya ukiwa na chuma 0.5, unaweza kuyeyusha feleji mpaka ifike asilimia 4.6 ya dimbwi zima la metali iliyoyeyuka kabla hujavuka 5. Waya ukiwa na 2, nafasi hiyo inashuka hadi 3.1. Waya ukiwa na 4, umebakiwa na asilimia 1 tu, na hakuna fundi wala mashine itakayokuokoa. Dai cheti cha kila yeyusho, yaani kila mkupuo wa kiwandani, soma mstari wa Fe (chuma) kwanza, na kwa tabaka moja la FE5 usikubali zaidi ya 0.5. Kwa matabaka mawili, 1 inavumilika. Waya wa hivi upo sokoni kwa wingi, mradi uuombe kwa maandishi.

Hesabu yenyewe ni fupi na inafaa ibandikwe kwenye ukuta wa karakana. Chukua chuma kilichopimwa kwenye tabaka, toa chuma cha waya, kisha gawanya kwa tofauti ya chuma cha feleji na chuma cha waya. Hicho ndicho kiwango cha mzimuo. Ukikata sampuli na kuila kwa asidi, utapata jibu lilelile kwa eneo: eneo la feleji iliyoyeyuka, gawanya kwa eneo zima la mshono.

Namba hizi hazishiki akilini mpaka uzione kwa milimita. Waya wa kipenyo cha milimita 1.2 ukilishwa mita 3 kwa dakika, tochi ya kuchomelea ikitembea milimita 250 kwa dakika, kila mstari unapata karibu milimita mraba 13.6 za waya. Hatua kutoka katikati ya mstari hadi katikati ya mwenzake ikiwa milimita 4, unene wa tabaka unakuwa milimita 3.4 hivi. Sasa, ili tabaka hilo moja lipite FE5, feleji iliyoyeyuka chini yake isizidi wastani wa kina cha milimita 0.16. Hiyo ni kama karatasi mbili za kuandikia. Kwa FE10 unaruhusiwa milimita 0.37. Anayekuahidi FE5 kwa tabaka moja anakuahidi kushika kina cha karatasi mbili juu ya kipande kizima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo wanaoliweza. Mwulize analiwezaje.

TIG ya waya moto, yaani tao la ncha ya tangsteni na waya unaolishwa kando, ndiyo njia tunayoipa nafasi ya kwanza kwa mifuo ya ringi, matundu ya vali na nyuso za flanji. Sababu ni kwamba moto na waya vina vidhibiti viwili tofauti. Tao la umeme linayeyusha, na mkondo wa pili, mdogo, unapita kwenye waya wenyewe na kuupasha kabla haujagusa dimbwi. Aloi ya 625 ina ukinzani wa umeme mkubwa mara kadhaa kuliko chuma cha kawaida, hivyo inapata joto haraka kwa mkondo mdogo. Waya unaoingia ukiwa umekaribia kuyeyuka hauhitaji kukopa joto kwenye dimbwi. Kwa hiyo unaweza kulisha waya mwingi zaidi bila kupandisha ampea za tao, na ampea za tao ndizo zinazochimba feleji. Kwa vipimo vya hapo juu unaweka kilo 1.7 kwa saa. Ni polepole ukilinganisha na njia nyingine, lakini ni kilo 1.7 unazoweza kuzitolea ushahidi.

Mkondo wa waya uwe wa kubadilika, yaani AC. Ukiwa wa upande mmoja, sumaku yake inalivuta tao na kulielekeza usipotaka. Umbali kutoka ncha ya mguso hadi dimbwi ukae karibu milimita 20 na usibadilike, kwa sababu kila milimita inayoongezeka ni waya zaidi unaopashwa. Waya ukizidi moto, unakatika kama fyuzi kabla haujafika kwenye dimbwi na utasikia mripuko mdogo wa mara kwa mara. Ukipungua moto, unagonga chini ya dimbwi na tochi inatikisika. Uliowekwa sawasawa unaingia kimya, kama uzi unaozama kwenye asali.

Kinachoharibu kazi katika njia hii mara nyingi si ampea, ni mlisho wa waya. Mlisho ukisita kwa sekunde 1 tu, tochi inayotembea milimita 250 kwa dakika imekwenda milimita 4 bila waya. Kwa urefu huo tao linachimba feleji tupu. Mstari unaofuata unafunika, uso unaonekana mzima, na chini yake kuna doa lenye chuma asilimia 20 au zaidi. Dalili pekee ya nje ni kibonyeo kidogo, mahali ambapo magamba ya mshono yamekaa mbalimbali kuliko majirani zake. Anayesimamia mashine afundishwe kusimamisha kazi akikiona, apige grenda mpaka akitoe chote, kisha aendelee. Na chanzo chake karibu kila mara ni cha bei ndogo: mrija wa waya uliochakaa, roli za kusukuma zilizokazwa kupita kiasi, au waya uliovurugika kwenye roli.

Jambo la pili ni mahali tao linapolenga. Mstari wa kwanza kabisa hauna mwenzake wa kulalia, hivyo ndio wenye chuma kingi kuliko yote. Usiuweke kwenye eneo la kuziba. Uanzie nje, sehemu itakayokerezwa au isiyoguswa na kimiminika. Kuanzia mstari wa pili, ncha ya tangsteni ilenge ukingo wa mstari uliotangulia, kiasi kwamba theluthi mbili za moto ziangukie 625 na theluthi moja tu iguse feleji. Ukisogeza tochi milimita 1 kuelekea feleji, bila kugusa kidhibiti kingine chochote, asilimia ya chuma inapanda mara moja. Kwenye mfuo wa ringi shida iko konani: tochi inageuka, mistari inaachana kidogo, na hatua ya milimita 4 inakuwa 5 au 6. Kona iwe na mviringo, isiwe kali, na hatua ya tochi pale ipunguzwe kwenye programu.

La tatu ni joto linalojikusanya. Kipande kidogo cha F22, feleji yenye kromiamu na molibdeni kidogo, kilichopashwa hadi nyuzi 200 kabla ya kazi kinaweza kufika 300 kabla tabaka halijaisha. Vipimo kwenye mashine ni vilevile, lakini mstari wa 20 unayeyusha feleji zaidi ya mstari wa 2, kwa sababu feleji imekuja na moto wake. Usipime joto mwanzoni tu. Pima kila baada ya mistari michache, na kipande kikivuka kikomo cha utaratibu wako wa kuchomelea ulioandikwa, subiri. Hakuna njia ya mkato hapa.

Upande wa MIG, ambako tao linawaka kwenye waya wenyewe, njia inayostahili kuzungumzwa kwa heshima ni ile ambayo mashine huurudisha waya nyuma kila unapogusa dimbwi, ambayo Fronius wa Austria waliitambulisha kwa jina CMT. Tone linaachwa kwenye dimbwi wakati mkondo ukiwa karibu na sifuri, hivyo joto ni dogo na mwendo ni mzuri. Ikiwekwa vizuri inafika chini ya asilimia 5 kwa tabaka moja, na kwa kuta za mabomba ya boila, ambako eneo ni kubwa na mistari inashuka wima, ni chaguo zuri kuliko TIG.

Lakini iogope kwa sababu iliyo kinyume na ile ya njia nyingine. Nyingine zinachimba mno, hii inaweza isichimbe kabisa. Mtu anayefukuza namba ndogo anapunguza moto mpaka spektromita, kifaa cha kusoma kemia ya tabaka, inasoma chuma asilimia 1.5, wote wanafurahi, na tabaka limelala juu ya feleji bila kushikana nayo, hasa kwenye mfereji kati ya mstari na mstari. Chuma kidogo mno ni habari mbaya hapa. Kazi ya njia hii isipokelewe bila kupimwa kwa mawimbi ya sauti kutoka upande wa tabaka, na wakati wa kuthibitisha utaratibu, vile vipande vinne vya kupinda ubavu ambavyo kanuni ya ASME IX inavidai vikatwe vikipita kwenye mifereji hiyo. MIG ya mapigo ya kawaida, isiyorudisha waya, huzimua kati ya asilimia 10 na 20. Kwa hiyo ni kazi ya matabaka mawili, na hakuna aibu katika kulisema hilo kwenye bei.

Kwa matangi makubwa na ndani ya mabomba mapana, ukanda wa slagi ya umeme hauna mshindani. Badala ya waya unalishwa ukanda wa milimita 60 kwa 0.5, kwa ampea 1,000 hadi 1,250 na volti 24 hadi 26, na unaweka kilo 20 na zaidi kwa saa. Siri yake ni kwamba hakuna tao. Umeme unapita kwenye slagi, yaani unga wa flaksi ulioyeyuka, slagi inapata moto, na moto huo unayeyusha ukanda na ngozi ya juu tu ya feleji. Mzimuo ni karibu asilimia 8 hadi 12. Tabaka moja linakaa mpakani mwa FE10. Tabaka la pili linakushusha chini ya 5 bila jasho.

Udhaifu wake ni kwamba inaweza kugeuka kuwa kitu kingine bila kukuaga. Flaksi ikiwa chache, ikiwa na unyevu, au volti zikipanda mno, tao linawaka chini ya slagi na ghafla una njia ya tao lililofunikwa, ambayo mzimuo wake hufika 20. Fundi mzoefu anaijua kwa macho na masikio: slagi tulivu inayong'aa nyuma ya ukanda inaanza kurusha cheche na kunguruma, na sindano ya ampea inacheza. Sehemu hiyo iwekewe alama na ipimwe peke yake. Kuongeza mwendo ili kumaliza mapema nako kunapandisha chuma, kwa kuwa tabaka linakuwa jembamba huku ngozi ya feleji inayoyeyuka haipungui kwa kiasi kilekile. Kwa ukanda mpana namna hii, sumaku za pembeni za kunyoosha dimbwi si anasa. Bila hizo kingo zinachimbika, na mstari unaofuata unaficha mfereji huo wenye slagi ndani.

Vijiti vya kuchomelea vya ENiCrMo-3, ndugu wa waya huu, vina kazi yake, nayo ni marekebisho na mahali mashine haifiki. Kwa tabaka kamili vinahitaji subira. Mzimuo wa asilimia 30 unakupa chuma karibu 30 kwenye tabaka la kwanza, 9 kwenye la pili, na 3 kwenye la tatu. Matabaka matatu, basi. Atakayekuambia mawili yanatosha FE5 kwa vijiti, mwombe akuoneshe kipimo. Leza yenye unga inashuka chini ya asilimia 5 kwa tabaka moja jembamba na kuiacha feleji karibu baridi. Ni bora kwa mihimili ya mashine (shafti) na nyuso za kuziba, ila ukihitaji unene wa milimita 5 kwenye eneo pana, gharama inakimbia.

Hapa tuseme wazi kuhusu tabaka la pili, kwa sababu wauzaji wa mashine hulitaja kama udhaifu. Tuseme tabaka la kwanza limezimuliwa asilimia 12, lina chuma 12.2. La pili linayeyusha robo nzima ya mwenzake, mzimuo ambao peke yake ungetisha. Chuma kinachotokea ni 3.4 tu. Unaweza kulichoma la pili kwa moto wa kutosha kabisa kuondoa hofu ya kutoshikana, na bado ukalala usingizi. Kwa kazi itakayokaa chini ya bahari au ndani ya gesi yenye salfaidi ya hidrojeni, matabaka mawili ya TIG ya waya moto ndiyo tungeyalipia sisi, hata pale tabaka moja linapopita.

Kwani chuma kina ubaya gani hasa? Kwanza kinachukua nafasi: kwa mzimuo wa 30, kromiamu inashuka kutoka 22 hadi 15.4 na molibdeni kutoka 9 hadi 6.3, na hizo mbili ndizo zinazozuia vishimo kwenye maji ya chumvi. Pili, chuma kinapunguza uwezo wa aloi kubeba niobiamu, hivyo niobiamu nyingi zaidi inasukumwa pembeni mshono unapoganda na kuunda chembe ngumu, dhaifu. Kati ya chembe hizo aloi inabaki na molibdeni pungufu, na kutu huchagua njia hiyo.

Sasa upimaji, ambao huharibu kazi nzuri na kupitisha kazi mbovu. Spektromita ya eksirei ya kushikwa mkononi inasoma ngozi tu, sehemu ndogo ya milimita. Ukiiweka juu ya tabaka ambalo halijakerezwa, unasoma juu kabisa, mahali penye chuma kidogo kuliko pote, kisha lethi inakuja kuondoa milimita 3 na kukuachia tabaka la chini usilolipima. Kipimo halali ni cha uso wa mwisho au cha kina kilichotajwa. Upande wa pili, diski ya grenda iliyokwishasugua feleji ikitumika kusafishia mahali pa kupimia, inapaka chuma na namba inaruka. Diski mpya, kitambaa safi chenye asetoni, na usomaji zaidi ya mmoja: eneo la mwanzo wa mstari, kona, na mstari wa mwisho kabisa.

Usomaji wa upande mmoja wa ringi ukiwa 3 na wa upande wa pili 8, usimlaumu mchomeleaji kwanza. Angalia jinsi kipande kilivyorudishwa kwenye lethi. Kikikaa kando ya kitovu kwa milimita 1, upande mmoja umekerezwa milimita 1 zaidi na mwingine umebakiziwa. Chukua vipimo vya kitovu kabla ya kuchomelea, piga alama, na uzirudie alama hizohizo wakati wa kukereza.

Tabaka likishindwa, usichimbe shimo dogo na kulijaza. Kereza uso wote, ubakize milimita 1 hivi ya 625, halafu weka tabaka jipya juu yake. Kama lile la chini lilikuwa na chuma 7, jipya litakuwa na 2 hivi. Masharti ni kwamba feleji isiwe imefunuliwa popote, na hilo jicho halilioni kwa sababu vyote viwili vinang'aa. Pangusa uso kwa maji ya salfeti ya shaba: penye feleji patageuka rangi ya shaba, penye 625 pataachwa kama palivyokuwa. Ukiona hata doa la ukubwa wa punje ya mtama, unachomelea tena juu ya feleji. Lazima uipashe upya kabla, na baada ya kazi uirudishe kwenye tanuru kwa utaratibu uleule wa mwanzo, kwa sababu ukanda wa feleji ulioguswa na moto unakuwa mgumu, na kwa gesi chachu, yaani yenye salfaidi ya hidrojeni, kiwango cha ISO 15156 hakitaki uvuke 22 kwenye kipimo cha Rockwell C.